Nilivyougeuza Mlima wa Mzee Ruben Kuwa Uji

Nimestaafu upigaji picha nikiwa na miaka ishirini na tisa. Chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka, halafu nikaenda kufuta vumbi kwenye kamera ambayo siitumii tena. Siku hizi niko Muganza, kwenye mizani ya malori ya saruji. Lori linapanda, namba inatokea, lori linashuka. Hakuna dereva aliyewahi kuniuliza kwa nini namba yake haina hisia.

Lakini nyinyi vijana wa Kamembe hamniachi nipumzike. Kila wiki ujumbe wa kuniita dada mkubwa: "Yaya, ninunue lenzi gani? Yaya, ile yako ya kuyeyusha nyuma inaitwaje?" Mnataka kuyeyusha nyuma. Mbele penyewe hamjapajua, lakini nyuma mnataka pawe siagi. Mmoja wenu alinitumia picha ya mchumba wake amesimama kando ya ziwa, akaniuliza kama ni nzuri. Msichana alikuwa mzuri. Ziwa lilikuwa kama maji ya kufulia. Nilimjibu kwamba angeweza kumpiga bafuni akaokoa nauli.

Sasa kaeni niwaambie, maana mnaniita mwalimu na mimi sikuwahi kufundishwa kazi hii darasani hata siku moja. Nilijifunza kwa video, nyingi zimetengenezwa na wanaume wenye ndevu wanaopiga wapenzi wao kwenye theluji. Nilijua kupima mwanga wa theluji kabla sijajua kumpiga mtu mweusi aliyeketi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Usiku wangu na mchana wangu vilikuwa vya wasiwasi, na wasiwasi huo ndio uliokuja kunistaafisha. Nilikagua betri mara tatu, nikafunga mlango, nikarudi kuikagua mara ya nne.

Lenzi mnayoiulizia ni ya milimita mia moja thelathini na tano, tundu lake linafunguka hadi f/2. Kwa wale mnaojua simu tu: ni lenzi ndefu, ya urefu mmoja. Haivuti karibu wala haisukumi mbali. Ukitaka mtu awe mkubwa, unamwendea. Ukitaka awe mdogo, unarudi nyuma mpaka ukanyage kuku wa jirani. Tundu likifunguka lote, picha inakuwa kali kwenye kipande chembamba tu. Ukiwa hatua nne kutoka kwa mtu, kipande hicho hakizidi upana wa vidole vitatu au vinne. Kilichoko mbele yake na kilichoko nyuma yake, vyote vinageuka uji.

Mimi niliupenda ule uji kama mgonjwa. Nikirudi nyumbani nilikuza picha kwenye kompyuta mpaka kope za bibi harusi zikawa kama msitu wa mikaratusi, nikakagua mti mmoja mmoja. Kope ikilegea, nafuta. Niliwahi kufuta picha ambayo familia nzima inacheka, kwa sababu jicho la shangazi lilikuwa kali pembeni na laini katikati. Wakaniuliza, "Ile tulicheka wote iko wapi?" Nikasema kamera ilikwama. Kamera haikukwama. Mimi ndiye niliyekwama.

Mtu pekee aliyejaribu kunikwamua ni Papa Bosco. Alikuwa na studio karibu na soko la Kamembe tangu enzi za filamu, na ukuta wake wa nyuma ulichorwa ndege ya abiria ikipaa juu ya maporomoko ya maji. Wateja walipenda kusimama karibu na mlango wa ndege. Mimi nilipewa kona ya kuweka meza, na kutoka kwenye kona ile nilimdharau kimyakimya kwa miaka miwili.

Papa Bosco alikuwa na amri moja: viatu.

"Muntu ananunua viatu," aliniambia, "anavipakaa dawa, anavibeba mu mufuko juu visiguse matope, anafika hapa anavivaa. Wewe unamupiga kichwa tu? Atasema alikuja na miguu wazi!"

Niliona ni ushamba. Kisha akaja mama mmoja muuza vitenge kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, amevaa nguo mpya tangu kilemba hadi kisigino. Nilimpiga uso peke yake, kwa f/2, laini kama ndoto. Alipokabidhiwa aliitazama, akaigeuza nyuma kuona kama mwili wake uko upande wa pili.

"Na mimi ingine iko wapi?"

"Maman, hii inaitwa portreti, picha ya uso."

"Portreti ya muntu wa kukatwa." Akaigeuza tena. "Ata ile kitenge yenyewe huwezi kujua ni ya rangi gani!"

Papa Bosco alicheka mpaka akajishika kwenye bawa la ndege.

Nami sikujifunza. Nilihamia barabarani, kwenye mteremko wa kwenda Rusizi ya Pili, kuwapiga kwa mbali kina mama wanaovuka na bidhaa zao. Lenzi ndefu inafaa kazi hiyo. Mtu hakuoni, anabaki na uso wake wa kweli. Tatizo ni kwamba kule chini kuna daraja la mpaka, na mtu anayelenga bomba jeusi kuelekea darajani anaonwa haraka sana. Mlinzi aliniita, akataka aone picha zote. Aliangalia moja, ya pili, ya kumi. Sikio kali, mama hayupo. Kikapu kikali, mama hayupo. Akanirudishia kamera, akanitazama kwa huruma.

"Nenda nyumbani," akasema. "Mupelelezi hawezi kuwa mubaya hivi."

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa na dalili zote za ugonjwa kabla Mzee Ruben hajaja.

Mzee Ruben alikuwa fundi wa suti na mwalimu wa kwaya. Wazazi wake walitoka huku wakamzaa Bukavu, akazeekea kule, kisha akarudi Rusizi kuishi na binti yake, Maman Aline. Mkewe alikwisha kufa, amezikwa ng'ambo, kwenye kile kilima chenye kanisa la bati jekundu. Kutoka upande wetu kinaonekana vizuri asubuhi.

Ugomvi ulikuwa huu. Watoto waliobaki Bukavu, wakiongozwa na mkubwa wao, Papa Merci, walikwisha kuamua kwamba siku baba yao akifa watamvusha, wamlaze kando ya mama. Mzee hakutaka.

"Maisha yangu yote navuka ule mupaka," aliniambia. "Huku bananiita muntu wa kule. Kule bananiita muntu wa huku. Kila mara, karatasi iko wapi? Na nikishakufa pia munitafutie karatasi? Hapana. Mi nimechoka. Nitalala huku."

"Na Maman?" niliuliza.

"Njo maana nimekuita." Njo ni ndiyo.

Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba hatamwacha peke yake. Basi alizunguka makaburi ya sekta yetu, kona kwa kona, mpaka akapata mahali ambapo kile kilima cha bati jekundu kinasimama wazi upande wa pili wa maji. Alitaka picha moja: yeye ameketi mahali pale, kilima nyuma yake, vyote viwili vionekane. Jumapili watoto walikuwa na kikao Bukavu. Maman Aline angebeba picha, awaonyeshe kwamba baba yao hamkimbii mama yao, atalala akimtazama. Kama wangeridhika, mzee angebaki. Wasiporidhika, angevushwa akiwa hawezi tena kubishana na mtu.

Nadhani hata nyinyi mmeshaona nilichofanya.

Tulifika makaburini asubuhi. Mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya majani, suti ya kijivu aliyojishonea, viatu vinang'aa. Watu waliopita njiani waliharakisha hatua. Nami nilisimama hatua nne mbele yake, nikafungua tundu lote, nikaweka ukali kwenye jicho la kushoto, nikasahau dunia. Mikunjo ya uso wake! Ule unyevu kidogo kwenye kope! Nilipiga hamsini na nane, zote za jicho. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alitazama bila miwani, akasema ni nzuri, kwa sababu alimwamini mtoto aliyesoma. Nilichapa ile bora kuliko zote. Nilijivunia mpaka nikashindwa kula.

Jumapili mchana Maman Aline alinipigia simu kutoka kikaoni. Nyuma yake niliwasikia watu wanabishana.

"Solange, bananiuliza mulima iko wapi."

"Uko nyuma yake, Maman Aline. Kile cha kijani laini, kwenye bega."

Sauti ya mwanamume ikachukua simu. Alikuwa Papa Merci.

"Wewe njo fotografe? Nakuuliza vizuri. Hii ya nyuma ya Papa ni nini? Ni ukungu? Ni moshi? Papa anataka tumuzike mu bui?"

Bui ni uji. Sikumfundisha mimi, neno alilileta mwenyewe.

"Ni mtindo," nilisema.

"Mutindo." Alilitamka kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Bon. Sisi tumeona: pale hakuna kitu. Posho tunakuja kumaliza hii maneno. Papa atavuka."

Posho ni Jumamosi. Nilikuwa na siku sita.

Sikwenda kwa Mzee. Nilikwenda kwa Papa Bosco, nikaweka picha mbele yake, nikakaa chini ya ndege yake nikilia. Aliitazama muda mrefu.

"Jicho ni zuri," akasema. "Sasa, ulifungua tundu namba ngapi?"

"Mbili."

"Kwa pete ya lenzi kuna namba ngapi?"

"Nyingi."

"Mi nilifikiri unazijua zote. Kumbe wewe unajua moja."

Halafu alinifundisha kwa dakika tano kile ambacho video zangu zote zilikuwa zimenipitishia mbele ya macho nami sikukiona. Alisimamisha chupa ya maji kwenye meza, akanishika mabega, akanirudisha nyuma mpaka mlangoni.

"Unaona? Chupa imekuwa kidogo. Ile nyumba ya nyuma ya dirisha imekuwa kidogo?"

"Hapana. Iko vilevile."

"Kwa sababu ilikuwa mbali tangu zamani, hatua zako kumi haizisikii. Rudi nyuma, mutoto. Muntu anapunguka, mulima haipunguke. Na ufunge hiyo tundu. Na viatu!"

Andikeni hapo, nyinyi wa ujumbe wa kila wiki. Anayetaka mtu na mlima kwa lenzi ndefu hasogei mbele. Anarudi nyuma, mbali kuliko anavyodhani. Anafunga tundu hadi f/16. Na ukali hauweki kwenye mtu; anauweka hatua kadhaa nyuma ya mtu, ili ukali huo umrudie mtu huku na ufike mlimani kule. Mimi niliposikia f/16 nilibisha, maana nilisoma mahali kwamba tundu dogo sana linapunguza ukali kwa kiasi kidogo mno. Papa Bosco aliniuliza kama kiasi hicho ni kikubwa kuliko mlima mzima uliopotea.

Jumatatu kulikuwa na moshi wa watu wanaochoma majani. Jumanne na Jumatano, ukungu wa ziwa. Lenzi ndefu inapitisha macho yako kwenye hewa nyingi, na hewa ikiwa chafu mlima unakuja umevaa chandarua. Jumatano jioni mvua ilinyesha, ikaiosha hewa, na Alhamisi asubuhi niliuona mpaka msalaba wa lile kanisa.

Mzee Ruben alikuja tena na suti yake, akakaa kwenye kiti chake. Nilihesabu hatua arobaini kwenye uwanja ule ulio sawa, mpaka mgongo wangu ukagusa migomba ya jirani. Nikafunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Nilihitaji kitu cha kuwekea ukali, hatua kumi nyuma ya mzee, na pale hapakuwa na kitu isipokuwa mtunza makaburi aliyekuwa akitutazama ameegemea jembe. Nikamwomba asimame pale.

Mzee akageuza shingo, akamwona mtu wa makaburi nyuma yake na jembe begani.

"We! Toka hapo nyuma yangu!"

"Nimetumwa, Mzee."

"Na nani?"

"Na fotografe."

"Mwambie bado niko muzima, bado nakunywa chai!"

"Hii safu tunaianza mvua ikiisha, Mzee," mtunza makaburi alisema kwa upole. "Ukitaka kona hii, usichelewe sana."

Nilisubiri hasira za mzee ziishe, nikaweka ukali kwenye mpini wa jembe, nikamfukuza mwenye jembe, nikabonyeza. Picha nne tu. Kwenye kompyuta niliikuza ile ya tatu nikatafuta kope. Hakuna hata moja. Uso wake wote ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Lakini suti ilikuwepo, na viatu, na kiti, na maji, na mlima umeinuka juu ya bega lake mkubwa kama ukuta wa nyumba, na lile bati jekundu liko sawa na sikio lake, kama kwamba linamnong'oneza. Niliichapa, nikakaa na picha ile nikiwaza kama inafaa kufutwa. Ndivyo nilivyokuwa. Maman Aline alikuja akaichukua kabla sijaamua.

Jumamosi walivuka. Papa Merci alikuwa mwanamume mnene, muuza viatu, amevaa vizuri kuliko sisi wote. Hakutaka chai. Alitaka mahali penyewe. Tukaenda makaburini, mzee akaketi kwenye kiti chake kama mshitakiwa, Maman Aline akamkabidhi kaka yake picha.

Akaitazama. Akainua macho, akautazama mlima. Akarudi kwenye picha. Ng'ambo ya maji, kilima kilikuwa pale, kizuri, na kidogo. Ungekifunika kwa kofia.

"Iko mbali," akasema. "Kwa foto iko hapa hapa. Kwa macho iko kule. Solange, wewe si mutoto wa kusema uongo. Ulivuta ile mulima?"

Hapa ndipo mngenyamaza, nyinyi wenye akili. Au mngesema hapana. Mimi, mtu wa kukagua betri mara nne, nikaona ni lazima niwe sahihi. Nikamweleza kwamba lenzi ndefu ina tabia ya kubana umbali, vitu vya mbali vinaonekana karibu, kwa hiyo kwa kweli, ukisema kwa usahihi, ndiyo, ni lenzi iliyofanya hivyo.

Maman Aline alifumba macho. Mzee Ruben alinitazama tu, nami naikumbuka ile sura kuliko kope zake zote hamsini na nane.

"Sawa," Papa Merci akasema, akakunja picha katikati, akaitia mfukoni. "Imekwisha. Papa, siku ikifika tunakuvusha. Hatuwezi kukuacha mbele ya mulima ya kutengenezwa."

Mzee alianza kufuta viatu vyake kwa kitambaa, kimoja, halafu kingine.

Nilikuwa nimesema vibaya, na nilijua kwa mguu kabla sijajua kwa kichwa. Lenzi haikuusogeza mlima. Lenzi ilikata tu kipande cha nilichokiona niliposimama. Ukaribu ule niliuleta kwa kutembea. *Muntu anapunguka, mulima haipunguke.* Papa Bosco alinionyesha kwa chupa, na mimi nimetoka kumnyang'anya mzee wa watu kaburi lake kwa sababu ya somo nililolisikia nusu.

"Papa Merci," nikasema, "tafadhali njoo usimame niliposimama."

"Wapi?"

"Kule kwenye migomba."

"Kule kuna matope."

"Ndiyo."

Alitazama viatu vyake, akatazama saa. Nadhani alikuja ili tu niache kumshika mkono. Nilihesabu kwa sauti kama mwendawazimu, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, nikamgeuza.

"Funga jicho moja. Fanya mikono hivi, kama dirisha. Muweke Papa ndani."

Aliinua mikono yake minene, akatengeneza dirisha. Kule mbele baba yake alikuwa amepungua, suti ndogo ya kijivu kwenye kiti. Na mlima haukuwa umepungua. Ulikuwa umeinuka mgongoni kwake, wote, na bati jekundu sawa na sikio, bila kamera, bila lenzi, bila mimi.

Papa Merci alishusha mikono, akaiinua tena. Alisogea hatua mbili mbele, akarudi tena nyuma. Kisha akaitoa ile picha mfukoni, akainyoosha mkunjo wake juu ya paja, polepole, akaishika kando ya kile alichokuwa akikiona.

"Maman iko pale kabisa," akasema.

"Kabisa."

"Juu ya bega."

"Ndiyo."

Matope yalikuwa yamepanda hadi kwenye kamba za viatu vyake. Aliangalia mahali alipokanyaga, kama mtu anayepima.

"Bon. Papa atalala kule kwa kiti. Sisi tukikuja kumuona, tutasimama hapa."

Mzee Ruben alikuwa amegeuka kwenye kiti, mkono nyuma ya sikio.

"Muko munasema nini kule? Ni mimi munazika, semeni kwa sauti!"

"Tunasema utabaki, Papa!" Papa Merci alipaza sauti. "Utabaki hapa!"

Mzee akainuka, upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka.

"Si leo!" akasema, akakitia kiti kwapani, akatangulia kuelekea langoni.